Maji Yaliyokataa Povu

2 Julai

Nesi wa zahanati amenipima, akakunja uso, akasema presha yangu inatokea mdomoni. Nikitaka kumfokea mtu, niandike kwanza. Kwa hiyo naandika, na wa kwanza kufokewa ni maji.

Mto umekauka mapema mwaka huu. Watu wa maji wamefunga bomba la mtoni na kufungua la kisima kipya, kile walichochimba nyuma ya soko. Walipita na kipaza sauti wakitangaza kwamba maji ni safi, salama na ya kutosha. Hawakusema kwamba hayapatani na sabuni. Nimekuwa dobi tangu kimo changu kikiwa cha beseni, nikimsaidia Mama, na leo ndiyo mara ya kwanza nimesugua mche mzima wa sabuni bila kupata povu la kujaza kiganja. Nilichopata ni utando wa kijivu ulioelea juu, ukanata kwenye shuka za nyumba ya wageni. Nikasuuza, ukanata tena.

Mdogo wangu, ambaye ndiye mpiga pasi wangu, alisimama ananitazama. Nilimuuliza kama ameajiriwa kutazama. Tangu aolewe ukimsemesha leo anajibu kesho. Mama anasema ndoa imemtuliza.

5 Julai

Shuka zimekauka ngumu kama mbao. Nimeegemeza moja ukutani ikasimama yenyewe. Mama kacheka mpaka akakohoa.

9 Julai

Karani wa mahakama alikuja kuchukua mashati yake meupe, akayakuta yamekuwa rangi ya jivu. Alinirushia moja usoni. Nikammwagia ndoo ya maji machafu kuanzia kifuani hadi viatuni. Akanishika kitambaa cha kichwa na kukivuta, nami nikamng'ata mkono mpaka nikaonja chumvi. Watu walikuwa wameshajaa barabarani wakimshangilia kila mmoja wa kwake, na nina hakika wangu walikuwa wengi.

Aliyetuachanisha ni shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, fundi bomba. Alikuwa anapita na mfuko wake wa vifaa begani. Aliingia katikati, akamshika karani mabega kwa upole, akamwambia shati la kijivu halionyeshi jasho la uongo. Hata karani alicheka. Ndivyo alivyo shemeji wa watu, hana neno baya, na mikono yake haitulii mpaka aone bomba lako limepona. Kwangu hajawahi kudai hata asante. Nilimwambia mdogo wangu kwamba Mungu alimpa mume kimakosa, alikuwa amemkusudia mtu mwingine. Akaendelea kupiga pasi.

13 Julai

Shemeji alikata kipande cha bomba la nyuma ya jiko akanionyesha ndani. Kwa siku chache tu limeshaota ukoko mweupe, mgumu, na tundu lililobaki halipitishi kidole. Birika la Mama nalo ni hivyo hivyo. Ukilitikisa linalia kama lina kokoto. Chai ina utando juu unaokatika vipande.

Mji mzima unamwita yeye sasa. Hospitali, hoteli, nyumbani kwa mwenyekiti wa mtaa. Watoto wanamkimbilia kumbebea mfuko. Mama anamwekea chakula pembeni kila anapopita, na mdogo wangu akila hapa Mama humwambia amwachie kidogo mwenye kazi.

17 Julai

Ngozi. Mikono yangu imepasuka kwenye viungo, na kila nikiitumbukiza kwenye beseni nasikia moto. Zahanati imejaa foleni mpaka nje, watu wanajikuna shingo, mapaja, watoto wana ukurutu nyuma ya magoti. Nesi anagawa mafuta ya mgando kwa kijiko. Kila ukiuliza mtu amepatwa na nini jibu ni moja, maji.

Mdogo wangu ana alama nyekundu shingoni, upande mmoja. Nilimuuliza. Maji, akasema. Nilimcheka kwamba ngozi yake imejifunza udekaji wa wanawake wa mjini, wakati mimi nafua na vidonda.

21 Julai

Lori lililoleta maji laini kutoka mbali limesababisha vita. Mwanamke mmoja amechanika sikio kwa kuvutwa hereni. Nilipata ndoo mbili. Sijasema nilizipataje.

25 Julai

Mwalimu mkuu amewarudisha watoto nyumbani kwa sababu sare ni chafu. Hazikuwa chafu, zimefubaa tu, nami nazijua kwa sababu nusu yake nimezifua mimi. Waliorudi mara ya pili hivyo hivyo amewachapa. Mzazi mmoja, mtu wa kuponda kokoto, amekwenda kumpiga mwalimu kwa kiti mbele ya darasa zima. Sasa mwalimu ana nyuzi kichwani na mponda kokoto yuko ndani. Hakuna aliyemlaumu yeyote. Kila mtu anatikisa kichwa na kusema mji huu umeharibiwa na maji.

29 Julai

Leo nataka kuandika kwa mpangilio.

Tulikuwa na gauni la bibi harusi, la kukodisha, jeupe, lenye marinda. Nililifua kwa zile ndoo mbili za lori. Nililisuuza kwa kuomba. Lilitoka jeupe. Kilichobaki ni pasi tu. Pasi yetu ya mvuke imejaa ukoko huo huo, na nilikuwa nimemwambia mdogo wangu tangu asubuhi asitie maji ya bomba ndani yake. Akatia. Pasi ikakohoa, ikatema chembe nyeupe na uji wa kutu kwenye kifua cha gauni.

Nilinyanyua mkono. Sikuwaza. Nimempiga mara nyingi tulipokuwa wadogo, kama Mama alivyonipiga mimi, na sijawahi kuliona kofi langu likienda polepole kama leo. Kabla halijafika, mkono wake wa kushoto uliisukuma pasi ya moto hadi mwisho wa meza, mbali nami. Wa kulia ulifunika tumbo. Uso aliuacha. Hakufumba hata macho.

Kofi lilitua. Halafu tukabaki tunatazamana, na gauni katikati yetu.

"Una mimba?" nilimuuliza.

"Ndiyo."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema saa ngapi, Dada? Kila siku unafoka."

Nikamuuliza kwa nini aliisukuma pasi. Alitazama mkono wake kama ndiyo kwanza anajua umefanya nini. Akasema ni mazoea. Nikamuuliza mazoea ya wapi, mbona hapa sijawahi kumchoma. Alikunja gauni, akalirudisha kwenye beseni, akaanza kulisugua upya.

Mtu hajifunzi peke yake kuondoa vitu vya moto karibu na anayempiga. Kuna anayemfundisha.

3 Agosti

Nilikwenda kwa nesi, nikijisingizia presha. Nilimuuliza habari za ngozi ya mdogo wangu kwa kuzunguka. Ni mtu wa maneno machache. Alisubiri mgonjwa wa mbele atoke, akafunga mlango.

"Maji yanamwagikia mwili mzima," akasema. "Hayachagui mbavu za upande mmoja. Mimi nimemuuliza, hasemi. Labda kwako atasema."

Nilifika nyumbani nimevimba. Nilimweleza Mama. Alikuwa anakwangua birika kwa kisu na hakuacha kukwangua. Alisema nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Alisema mwanamume anayeamka kabla ya jua kufungua mabomba ya mji mzima lazima arudi na uchovu, na msimu huu nani hana hasira, je mimi sikumng'ata karani? Alisema tufunike kombe, mvua zikirudi mambo yatakaa sawa. Nilimjibu maneno ambayo mtoto hamjibu mama yake. Alinirushia kisu. Kilipiga ukuta. Tumekula kila mtu na kona yake.

8 Agosti

Mdogo wangu hakuja kazini. Aliyekuja ni shemeji, na furushi mkononi, anatabasamu. Alisema mwenzake ana homa. Akasema kuna foronya na shuka zimeingia doa la matunda, yeye mwenyewe amejaribu kulitoa limekataa, basi anaomba nimtilie dawa ya kung'arisha.

Nilifungua furushi mbele yake. Doa lilikuwa la kahawia, limeenea, kingo zake zimekomaa ndani ya uzi. Si la matunda. Lilikuwa la damu iliyomwagiwa maji ya moto.

Katika nyumba ya Mama, kabla hujajua kusoma unajua kwamba damu hufuliwa kwa maji baridi. Ukiimwagia maji ya moto inajipika kwenye kitambaa na haitoki tena. Mama alitupiga kwa kosa hilo kuliko kwa kosa jingine lolote, na mdogo wangu, hata umwamshe usingizini, angetia maji baridi na chumvi. Kwa hiyo shuka hii hakuifua yeye. Ameifua mwanamume asiyejua kufua, akiwa na haraka, na birika jikoni, huku mwenye kujua akiwa hawezi kusimama.

Nilimwambia nitaliangalia. Akashukuru. Akanigonga bega kwa utani, akasema bomba langu la uani litaziba karibuni, atapita. Alipokata kona nilivua aproni na kwenda kwao.

Mlango ulikuwa na kufuli kwa nje, kubwa, jipya, la kufungia stoo. Nilizunguka nyuma kwenye dirisha la chumbani. Lina nondo. Nilimwita kwa jina la utotoni. Alikuja akijishikilia ukutani. Jicho moja lilikuwa limefungwa lote, na mdomo umepasuka mpaka kwenye kidevu.

Nilimwambia navunja mlango. Akaniambia nisiuguse.

"Ukivunja atajua ulikuja. Nenda, Dada. Homa itaisha."

"Nani amekufanya hivi? Sema kwa mdomo wako."

"Ni maji haya," akasema. "Yamembadilisha. Anashinda kwenye mabomba ya watu, mikono imemchubuka, akirudi anakuta chai ina utando, shati gumu. Mvua ikinyesha atatulia. Ameniapia. Mtoto atazaliwa mvua zikiwa zimeshanyesha."

Nilizitikisa nondo. Hazikutoka. Alinigusa vidole kupitia nafasi, vyake vilikuwa vya baridi, akanisihi kwa jina la mtoto. Niliondoka. Mimi, ninayejulikana mji mzima kwa kutomwachia mtu, niliondoka.

10 Agosti

Mwenyekiti wa mtaa alinisikiliza akiwa sebuleni kwake. Nilipofika kwenye kufuli, nilisikia mtu akigonga bomba bafuni. Alikuwa shemeji. Mwenyekiti alinyanyua sauti kumwuliza kama maji ya kuoga yatapatikana leo, na shemeji akajibu kutoka ndani kwamba mheshimiwa ataoga mpaka apauke. Wakacheka kupitia ukuta.

Halafu mwenyekiti akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mambo ya mke na mume ni nyeti, kwamba msimu huu kila nyumba ina moto wake, na kwamba kama mwenye malalamiko ana malalamiko basi aje mwenyewe. Nilimwambia ana kufuli mlangoni, atakujaje? Alinisindikiza hadi getini.

11 Agosti

Polisi wameniambia hivyo hivyo, kwa ukali zaidi.

19 Agosti

Mdogo wangu amerudi kazini. Amejipaka poda. Wateja wanamwambia pole kwa ngozi, na maji haya bwana.

27 Agosti

Tunafanya kazi bila kusemezana. Nimeanza kuona vitu ambavyo vilikuwa mbele ya macho yangu. Anakaa akitazama mlango. Akisikia mfuko wa vifaa unalia barabarani anaacha kumeza. Nilidhani ni mvivu, na kumbe kila siku anafika hapa akiwa ameshafanya kazi kubwa kuliko yangu, ya kuamka salama. Naona aibu, na nikiona aibu nakuwa mkali, kwa hiyo leo nimemfokea kwa ajili ya vibanio. Vibanio!

Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nimekifua, nikakinyoosha, nikakisifia.

6 Septemba

Muuza nyama wa kona amempiga mkewe kwa ubapa wa panga kwa sababu chai ilikuwa na utando. Nilikuwepo dukani. Mwanamke alianguka katikati ya miguu ya ng'ombe. Watu walimwinua wakisema ni maji, ni maji tu, mvua inakuja. Mwezi wa saba ningesema hivyo nami. Nilichukua fupa la paja kaunta nikamrushia muuza nyama. Lilimpata sikioni. Wamenipiga marufuku kuingia pale, eti mimi ndiye mgomvi.

14 Septemba

Mvua. Kubwa, ya kelele. Watu wametoka barabarani na ndoo, sufuria, hata beseni za kuogeshea watoto. Mdogo wangu alisimama uani akalowa yote, anacheka, mkono tumboni, tumbo linaonekana sasa. Nami nilicheka. Niliamini. Naandika hapa ili isije ikasemwa kwamba sikuamini, hata mimi niliamini.

19 Septemba

Wamefungua bomba la mtoni. Povu limenifika kwenye viwiko. Mama ameoga mara mbili.

20 Septemba, jioni

Siku nzuri ya kufua kuliko zote, na mdogo wangu hakuja.

Nilisubiri mpaka kamba zote zikajaa. Halafu nilimwambia Mama nakwenda kwao. Alisema nisiende kutia fujo watu wakiwa wameshapata raha yao. Nikaenda. Nikasikia hatua zake nyuma yangu, na kandambili zake, akinifuata huku analalamika.

Safari hii hapakuwa na kufuli. Mfuko wa vifaa ulikuwa kibarazani. Nyumba ilikuwa kimya, kasoro sauti ya maji yakimwagika uani, na sauti ya shemeji akiongea. Alikuwa anaongea vizuri kabisa, kama anayemwelekeza mteja mahali pa kufungia koki.

"Si ulisema maji yakilainika nitatulia?" alikuwa anasema. "Uliwaambia watu. Haya yamelainika. Yanywe."

Nilichukua spana ya bomba kutoka kwenye mfuko. Ni nzito, ya chuma, ndefu kama mkono wangu. Nilipotokea uani alikuwa amemkunja mdogo wangu juu ya pipa, kichwa chote kiko ndani, amemkandamiza mgongoni kwa goti. Miguu yake ilikuwa inakwangua sakafu. Kiatu kimoja kilikuwa kimetoka.

Nilimpiga kwenye mkono uliomshika shingo. Nilisikia mfupa. Alipiga yowe, akageuka, akaniona, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakutabasamu. Alinirukia na mkono mzima, akanipata taya, nikaona giza. Nikapiga tena, bega. Nikapiga goti. Alianguka, akajikinga kwa ule mkono uliovunjika, nikaupiga tena. Alisema, "Shemeji, shemeji," na nikampiga kwa ajili ya neno hilo. Sikuwa namwokoa mtu tena. Mdogo wangu alikuwa ameshateleza kutoka pipani, amelala ubavu, anatapika maji. Nilikuwa nampiga mtu aliye chini, na nilipenda. Nesi akisoma hapa na asome, nilipenda.

Mtu alinishika mguu. Sikutazama ni nani. Nilirusha teke, na mguu ukawa huru, na nikasikia kitu kinagonga ukuta. Nikageuka. Alikuwa mdogo wangu. Alikuwa ametambaa hadi kwangu kunizuia. Sasa alikuwa ameketi chini ya ukuta, damu inamtoka kwenye nyusi, mikono yote miwili juu ya tumbo, na ananitazama kwa yale macho ya siku ya gauni.

"Dada, basi," akasema. "Inatosha."

Spana ilinidondoka yenyewe.

Mama alikuwa mlangoni. Sijui aliona kuanzia wapi. Alipita kati yangu na shemeji bila kututazama, akavua mtandio wake akamfunika binti yake aliyekuwa amelowa na kuchanika. Nyuma yake watu walikuwa wanajaa, majirani, wapita njia, karani wa mahakama, na hatimaye mwenyekiti. Mtu akapaza sauti kwamba nimemuua fundi. Mwingine akasema huyu dobi ni kichaa, juzijuzi alimpiga muuza nyama kwa mfupa. Wakaanza kunisogelea. Shemeji, akiwa chini, alipata pumzi na kusema kwamba mke wake aliteleza pipani, yeye alikuwa anamtoa, ndipo mimi nikamvamia kwa presha zangu. Mwenyekiti akamwuliza mdogo wangu kama ni kweli.

Meno yalikuwa yanamgongana.

"Alianza kunipiga mwezi wa pili wa ndoa," akasema. "Maji ya mto yalikuwepo. Sabuni ilikuwa na povu. Nilisema ni maji kwa sababu nyote mlikuwa mnasema ni maji, na ilikuwa rahisi."

Mke wa muuza nyama alikuwa kwenye kundi, na shingo yake bado ina bandeji. Alitoka mbele, akachukua kile kiatu kilichotoka, akamvalisha mdogo wangu mguuni.

Mama ndipo alipomgeukia shemeji. Alimwinamia karibu sana. Nilidhani atamtemea mate.

"Nilikupa mzima," akamwambia.

Akarudia hivyo hivyo, mpaka walipombeba shemeji na kumtoa pale.

22 Septemba

Nesi amesikiliza tumbo. Moyo wa mtoto unapiga. Nililia zahanati mbele ya foleni nzima.

23 Septemba

Nimeandikisha maelezo polisi. Sasa wana wakati. Shemeji yuko hospitali, mkono na goti kwenye plasta, askari yuko mlangoni kwake. Mwenyekiti ametoa ushahidi upande wangu na kunishika mkono mbele ya watu. Nikauchomoa.

26 Septemba

Nimempangia mdogo wangu chumba cha mbele, kile chenye dirisha la barabarani. Nimefua pazia. Nimetandika shuka nyeupe kabisa. Nesi ndiye aliyemchukua kwake siku ile ya kwanza kwa ajili ya mshono, na nimemwambia Mama kesho tunamrudisha nyumbani.

27 Septemba

Nesi ana vyumba viwili nyuma ya zahanati. Mdogo wangu alikuwa ameketi kwenye godoro, anakula ndizi, uso umeanza kurudi. Mama alibaki nje na nesi. Nilimweleza habari za chumba, dirisha, pazia. Nilimwambia hatapiga pasi mpaka ajifungue. Nilikuwa naongea haraka. Alisubiri nimalize, kama anavyosubiri siku zote.

"Dada, nakushukuru," akasema. "Ungechelewa kidogo ningekuwa nimekufa. Hilo nitamwambia mtoto. Lakini kwako sirudi."

Nilimuuliza kwa nini, na sauti yangu ikapanda kabla sijaizuia. Aliacha kutafuna. Akaweka ndizi chini, na nikaona anajaribu kutotazama mikono yangu.

"Yule nilikuwa nasikiliza hatua zake mlangoni, nijue leo ni siku gani," akasema. "Na kwako nilikuwa nasikiliza hatua zako. Na tulipokuwa wadogo, za Mama. Nimechoka kusikiliza hatua. Nataka mtoto wangu asijue mambo hayo. Utakuja kunisalimia hapa. Nesi amekubali nikae, namfanyia usafi wa zahanati. Uje tu, Dada. Usije ukiwa na hasira."

Nilikuwa na mengi ya kumjibu. Nilikuwa na taya iliyovimba kwa ajili yake. Nilifungua mdomo nikaufunga, na hilo lilikuwa gumu kuliko kuinua spana. Nikamwambia nimemsikia. Nilitaka kumshika bega, nikaona niombe kwanza. Nikaomba. Alifikiri, kisha akanipa mkono.

Njiani Mama aliniuliza mdogo wako anarudi lini. Nilimwambia harudi. Akasimama katikati ya barabara, na pikipiki zinampigia honi, akaniuliza tumemkosea nini. Nilimshika mkono nikamvusha. Tulipofika nilimtengea kigoda uani, nikavuta changu karibu, nikaanza kumweleza polepole, kuanzia tulipokuwa wadogo.